Fungu la Asiyekuwapo

Mtakuja, Jumapili 2 Novemba 1975

Siku Lugembe anapanda treni kwenda kutibiwa Dar es Salaam, aliniambia niandike kila linalotokea hapa kijijini ili akirudi nimsomee. Yeye hasomi. Mimi nilisomeshwa na masista, kwa hiyo kazi ya kalamu nyumbani kwetu ni yangu. Nilimwambia Mtakuja hapatokei kitu. Akasema, basi andika kwamba hapakutokea kitu. Huo ulikuwa mwezi wa nane na sikuandika hata neno. Leo nimeanza kwa sababu betri ya redio imechoka, na bila redio mchana wa Jumapili ni mrefu.

Redio yenyewe ni ya kijiji, ile kubwa tuliyopewa tulipohamishiwa hapa mwaka jana, na inatumia betri ya gari. Mtunzaji wake ni Lugembe mume wangu. Kila betri inapoisha nguvu alikuwa akiifunga kwenye baiskeli na kuipeleka Tabora kwa Tajdin kuchajiwa. Tangu aondoke, safari hizo anakwenda mdogo wake, Mayala, na redio inakaa barazani kwangu.

Jumapili alasiri nasikiliza salamu za wagonjwa. Mwezi wa tisa walimsoma: Lugembe wa Mtakuja, Sikonge, anamsalimu mkewe Paskazia, mdogo wake Mayala, katibu Ambrosi na wanakijiji wote, anasema koo linaendelea na uchunguzi. Tulicheka wiki nzima, koo linaendelea na uchunguzi. Tangu siku ile hakuna tena. Barua na simu za maandishi haziwezi kutufikia, maana anwani aliyoandikisha hospitali ni ile ya kijiji cha zamani, ambako sasa wanakaa ngedere. Habari yake, iwe ya heri au ya shari, itapita kwenye redio hii au haitapita kabisa.

Leo sauti ilikuwa nyembamba mno. Nilibandika sikio mpaka kipindi kikaisha. Hakutajwa.

Jumanne 4 Novemba

Joto. Nimemwagilia kitalu cha tumbaku asubuhi na jioni.

Jumatano 5 Novemba

Betri imezimika katikati ya taarifa ya habari. Kesho Mayala ataipeleka Tabora.

Jumamosi 8 Novemba

Mayala amerudi na betri ile ile. Tajdin aliiweka kwenye mashine yake kutwa nzima, haikushika. Amesema imekufa na haichajiki tena. Mayala alinipa habari hizo huku anatazama gurudumu la baiskeli. Nikasema sawa, nikaenda kumwagilia kitalu.

Jumapili 9 Novemba

Leo tumeipasua betri. Nieleze vizuri, maana nikifika hapa katika kumsomea Lugembe, atataka kujua kila kipande kilikwenda wapi.

Katibu Ambrosi alitaka ikae ofisini. Mayala akamwuliza ikae ofisini ifanye nini, iote? Mayala ni mwindaji, na mwindaji akiona kitu kimelala hakipumui hutafuta kisu. Wanaume wakakubaliana kwamba mali ya kijiji ikifa igawiwe kama mnyama aliyeangushwa porini, kila aliyekuwapo apate fungu. Wakaibeba hadi ukingoni mwa uwanja wa mpira, wakamwaga maji yake kwenye majani, wakaichangua kwa shoka.

Kumbe ndani ina vyumba sita, na kila chumba kimejaa mabamba ya risasi. Sikuwa nimeona watu wa hapa wakifurahi vile tangu tuhamishwe. Mayala alipata vyumba viwili, ayeyushe, atengeneze risasi za gobore lake. Minza, jirani yangu, alipata kipande, akamfunga mjukuu wake kiunoni kuwa kinga ya degedege. Mwalimu Anton alichukua lami ya juu azibie ndoo za shule zinazovuja. Ambrosi, yule yule aliyekuwa hataki ipasuliwe, aliondoka na kasha lenyewe, akasema litafaa kunyweshea kuku.

Kikabaki chumba cha mwisho, pamoja na kichwa chake pale waya unapofungwa. Ambrosi akasema nacho kigawiwe, maana asiyekuwapo na lake halipo. Mayala akamjibu, "Hilo ni la kwenu huko mjini, katibu. Kwetu asiyekuwapo huwekewa." Ni kweli. Kwetu Unyamwezini mwindaji aliyekawia porini fungu lake hukaushwa na kutundikwa darini mpaka arudi. Halitolewi, ila siku watu wamekubali kwamba harudi tena. Basi nikapewa fungu la Lugembe. Nimelifunga kwenye gunia na kulitundika darini, juu ya kitanda. Ni zito kuliko linavyoonekana.

Watu waliimba hadi jua likaanza kushuka. Nami nilikaa nikiwatazama, sina furaha wala sina huzuni, mpaka nikakumbuka kwamba maji ya kupikia hayajachotwa.

Jumatatu 10 Novemba

Hapakutokea kitu.

Jumanne 11 Novemba

Hapakutokea kitu. Kitalu kimemwagiliwa.

Jumatano 12 Novemba

Hapakutokea kitu.

Alhamisi 20 Novemba

Ambrosi amerudi kutoka Tabora akiwa na uso wa mtu aliyemeza mwiba. Fedha ya kununua betri mpya ipo kwenye mfuko wa kijiji, na betri Tajdin anayo. Lakini hauzi mpya mpaka arudishiwe ya zamani. Ndiyo masharti ya kiwandani Dar. Risasi kutoka nje haipatikani siku hizi, kwa hiyo wanayeyusha ya betri zilizokufa na kutengenezea nyingine. Anataka kasha, mabamba, kila kitu, na atapima kwa mizani.

"Nikamwambia ipo," Ambrosi alisema.

"Ipo wapi?" nikamwuliza.

Kuku wake walikuwa wanakunywa maji ndani ya lile kasha.

Jumapili 23 Novemba

Mkutano wa kijiji. Jua kali, wingu halionekani. Ambrosi alianza na siasa, ujenzi wa taifa na kujitegemea, mpaka watoto wakalala. Alipofika kwenye betri watu wakaamka.

Minza ndiye aliyesema kwanza. "Nani aliyewahi kurudisha mfupa buchani ndipo auziwe nyama?"

Watu wakamshangilia. Mwingine akauliza, kama imekufa anaitaka ya nini? Mwingine akasema huo ni ujanja wa madukani, wanaifufua ile ile, wanaipaka rangi na kutuuzia mara ya pili. Mwalimu Anton akajaribu kuwatuliza. Akakumbusha kwamba hata zamani jembe lililochakaa lilirudishwa kwa mhunzi, akaliyeyusha na kulifua upya, na hakuna aliyekataa kulilimia.

Mzee Bundala akanyanyua fimbo. "Mhunzi alikuwa jirani yangu, mwalimu. Nilimwona akilifua, na chuma changu nilikitambua. Huyu wa Dar es Salaam nani hapa amemwona?"

Hakuna aliyemwona. Mzee Bundala akaongeza kwamba yeye hataki kusikia sauti ya mtu ikitoka ndani ya maiti. Wakacheka, wakatawanyika. Hakuna aliyetaja salamu za wagonjwa. Hata mimi sikuzitaja. Nilitaka kusimama, miguu ikawa haina habari.

Jumatano 26 Novemba

Joto. Maji ya kisimani yamekuwa na tope. Kitalu kinanyauka pembeni.

Jumatatu 1 Desemba

Minza ameniletea mboga za kisamvu. Tulikaa. Mjukuu wake anatambaa na risasi yake kiunoni. Nilimwuliza, kwa vile habari za Lugembe hazipatikani, hawezi kuirudisha? Akasema, "Mwenzangu, nikiitoa na mtoto akashikwa, nani atanisamehe?" Nikamwambia kisamvu ni kizuri, ingawa kilikuwa hakina chumvi.

Alhamisi 4 Desemba

Mvua. Ilianza mchana kwa upepo, ikanyesha mpaka tukashindwa kusikilizana ndani ya nyumba. Zamani Lugembe angesimama uani mpaka shati lilowe. Mimi nimekaa kitandani nikitazama gunia darini kama litavuja. Halikuvuja.

Jumamosi 6 Desemba

Tumeanza kuhamisha miche. Mgongo.

Jumatano 10 Desemba

Kuku wa Ambrosi wamekufa, jogoo na mitetea. Anasema ni kideri. Kuku wangu wanaokunywa kwenye chungu hawana kideri. Jioni alikuja na lile kasha kichwani, akatangaza kwamba yeye kama katibu anatoa mfano kwa wananchi. Basi kasha limerudi.

Uwanja wa mpira umeota majani kote, ila ukingoni pale tulipomwaga maji ya betri. Pako wazi na pamekuwa peupe. Wachezaji wanapazunguka bila kuambiwa.

Jumapili 14 Desemba

Ukurasa huu nitauruka nikimsomea.

Mayala alikuja baada ya misa. Alisimama uani, akanisalimu mara mbili. Halafu akasema, "Shemeji, miezi imekuwa mingi. Wazee wanasema tuweke matanga."

"Ya nani?" nikamwuliza.

Akakoroga udongo kwa kidole cha mguu. Nikamwambia kama hayo ndiyo aliyoyajia, njia anaijua.

Nimefikiri sana leo, au niseme nimekaa mahali ambapo mtu hufikiri. Mayala hana mke tangu wa kwanza arudi kwao Lusu. Mwezi uliopita aliezeka paa langu bila kuombwa. Shamba letu la tumbaku ni zuri kuliko lake. Kaka akizikwa kwa maneno, mdogo mtu hurithi mke, shamba na redio. Na ni huyo huyo aliyegoma kutoa risasi zake. Anasema nguruwe mwitu wanashuka mashambani na gobore bila risasi ni fimbo. Nasema hivi: anayetaka kuweka matanga hawezi kuwa na haraka ya kusikia redio.

Alhamisi 18 Desemba

Miche imeshika. Mvua kila siku.

Alhamisi 25 Desemba

Noeli. Niliimba na wenzangu kanisani, na sauti ilitoka vizuri. Padri alimwombea Lugembe kati ya wagonjwa. Mayala alikuwa upande wa wanaume, kichwa chini. Nilikula wali kwa Minza.

Jumanne 30 Desemba

Mvua. Palizi. Hapakutokea kitu.

Jumapili 4 Januari 1976

Minza amekata uzi. Alikuja yeye mwenyewe na kile kipande kwenye kiganja, kimeng'aa kwa mafuta ya mtoto. Kiunoni mwa mjukuu sasa kuna senti nyekundu iliyotobolewa. "Nimeona unavyoitazama ile redio iliyofunikwa," aliniambia. "Unaitazama kama mtu aliyekatwa mkono anavyotazama mkono wa shati."

Nilipokea. Nikamshukuru. Nilitamani nilie mbele yake ili ajue nimeuona moyo wake, lakini machozi hayakuja.

Alhamisi 8 Januari

Watu wengine wawili wameleta. Mzee Bundala naye ameleta, akasema haamini lolote ila amechoka kuulizwa.

Jumapili 11 Januari

Nimemwona Mayala alfajiri. Nilikuwa nakwenda kisimani, yeye yuko kwenye mpaka wa shamba langu la mahindi, amejikunyata chini ya gunia, gobore mapajani, ndevu zimejaa umande. Kumbe ndipo anapokesha. Siyo kwake, kwangu. Kwake kumefukuliwa na nguruwe toka mwanzo mpaka mwisho na hakuniambia. Alinisalimu, "Mwangaluka, shemeji." Nikaitikia nikapita na ndoo yangu.

Nimekaa na jambo hilo mchana kutwa. Hata ukurasa ule wa Desemba sijui sasa nitausomaje.

Jumatano 14 Januari

Mayala ameleta risasi zake zote ndani ya kopo la asali. Zimeyeyushwa zikawa viduara. Alizimimina juu ya mkeka, zikabingirika, tukaziokota pamoja.

"Na nguruwe?" nikamwuliza.

"Watakula."

Kisha akasema bila kunitazama, "Wewe unaweza kungoja, shemeji. Mimi siwezi. Nikiambiwa amekufa nitalia. Nikiambiwa mzima nitacheka. Hivi nilivyo, sijui uso niufanyeje. Ndiyo maana nilisema matanga."

Nilimpikia ugali. Alikula wote. Nilimwonea huruma, na nikajionea haya kwa mambo niliyomwandika. Huruma hiyo niliihisi, niseme ukweli, baada ya siku nyingi za kutohisi chochote.

Ijumaa 16 Januari

Nguruwe wamekula mahindi. Nusu ya shamba.

Jumapili 18 Januari

Ambrosi amepima gunia la vipande vilivyorudishwa kwenye mizani ya tumbaku, pamoja na kasha. Alikuwa ameandika kwenye karatasi uzito alioambiwa na Tajdin. Haukufika. Akapima tena. Watu wote waliokuwapo wakatazama chini, maana kila mtu anajua kilichobaki kiko wapi. Kiko darini kwangu.

Hakuna aliyeniomba. Ambrosi alifungua mdomo, Mayala akamwambia, "Acha, katibu." Akaacha.

Niandike waziwazi, kwa kuwa hapa siandiki kwa ajili ya mkutano. Nikilitoa lile fungu, nimesema kwa mikono yangu mwenyewe kwamba Lugembe harudi. Nisipolitoa, betri haiji, na redio ndiyo njia pekee ya kujua kama anarudi. Wote wamerudisha vyao, aliyebaki ni mimi, niliyetaka redio kuliko wote. Ningekuwa naogopa ningejua la kufanya. Siogopi. Nalala chini ya gunia na kulitazama.

Alhamisi 22 Januari

Mvua. Majani ya chini ya tumbaku yameanza kuiva. Sikumaliza chakula.

Jumapili 25 Januari

Kesho lori la chama linakwenda Tabora. Nimemwambia Ambrosi gunia nitalipeleka mimi na Mayala.

Jumatano 28 Januari

Tumerudi jana. Naandika yote.

Fungu la Lugembe nililitoa darini mwenyewe na kulifunga kwenye khanga, mbali na gunia la wengine. Nilijiambia kwamba nakwenda nalo tu, siyo kwamba nalitoa. Njia ina matope kuanzia Sikonge na tulishuka kusukuma lori mara nyingi. Mayala alitaka kunibebea khanga ile, nikakataa.

Duka la Tajdin liko pale pale nyuma ya soko, ukutani mashine za kuchajia zinavuma. Tajdin ni mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Alimwaga gunia letu juu ya mizani, akaona viduara vya gobore, akaona kipande kilichong'aa mafuta ya mtoto, akatikisa kichwa.

"Mmeifanya mboga hii betri."

"Tuligawana, Bwana Tajdin," Mayala akasema.

"Kila mtu anagawana. Kipalapala wamegawana, Ipuli wamegawana. Nikiwaambia warudishe wananiona mimi mwizi. Mimi nauza nini kama hakuna kinachorudi Dar?" Akapima. Akaongeza kasha. Akasubiri mshale utulie. "Imepungua. Si kidogo."

Mayala hakunigeukia. Alikuwa anasoma bei za taa za chemli ukutani, naye hajui kusoma.

Nikafungua khanga. Niliweka mabamba kwanza, halafu kichwa. Mshale ukapanda ukafika. Nilingoja nione nitahisi nini, na sikuhisi kitu, isipokuwa bega lililokuwa na mzigo lilikuwa jepesi kuliko lingine. Tajdin akasema sasa sawa, akaingia ndani kuleta betri mpya.

Akatoka na mkewe, Kherunisa, amebeba nyaya. Ni mama wa makamo, nywele nyeupe, dera la bluu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akamtazama Mayala kwa muda.

"Wewe ndiye unakuja na betri ya Mtakuja baada ya Lugembe?"

"Ndiye. Mimi mdogo wake. Huyu mkewe."

Aliweka nyaya chini. Akaja mbele ya kaunta, akanishika mikono yote miwili. "Pole, mama. Pole sana. Alikuwa kila akija ananisalimu mpaka jikoni. Niliposikia jina lake niliacha chapati ikaungua."

Nikamwuliza alisikia wapi.

Naye ndipo alipojua. Niliona uso wake unavyobadilika. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi. "Kwenye redio," alisema. "Matangazo ya vifo. Lugembe wa Mtakuja, Sikonge, ndugu zake wafike hospitali. Walisoma Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mwezi wa kumi na moja, wiki ya pili." Sauti ilikuwa inashuka. "Mimi nilijua mmesikia. Wote tulijua mmesikia. Si ninyi wenye redio?"

Mayala aliketi juu ya gunia tupu, hapo hapo mlangoni mwa duka, akalia kwa sauti, watu wa barabarani wakasimama. Mtu mzima mwenye mvi. Nilimshika kichwa. Nilikuwa nawaza kwamba hospitali hawaweki maiti miezi mitatu, kwa hiyo kaburi liko mahali fulani Dar es Salaam na sisi hatukuwapo. Nilikuwa nawaza na lori la saa nane. Tajdin aliifunga betri vizuri kwa kamba. Kherunisa alinipa chai, nikanywa.

Jana tulipofika nyumbani nilifungua daftari hili, wiki ya pili ya Novemba. Jumapili tulikuwa tunaichangua betri na watu wanaimba. Jumatatu, Jumanne na Jumatano nimeandika hapakutokea kitu.

Mayala anasema tusijilaumu, hata tungerudisha mabamba siku ile ile Ambrosi alipoleta masharti ya Tajdin, tangazo lilikuwa limeshapita. Ni kweli. Najua pia kwamba mtu hauawi kwa kushusha gunia kutoka darini. Najua. Lakini nililiweka kwenye mizani, na kabla sijanywa kikombe kimoja cha chai nilikuwa mjane, na akili inayojua haikai mahali pamoja na mkono uliolishika.

Jumapili 1 Februari

Matanga. Watu wote wa Mtakuja wamekuja, hata waliohama. Kila mmoja aliyekuwa na kipande alipofika kwangu alishindwa kunitazama, kana kwamba amebeba tangazo lile mfukoni tangu Novemba bila kulitoa. Niliwaambia nami nilikuwa na changu. Minza alinilaza mapajani mwake na kunifunga kitambaa kichwani.

Jumanne 3 Februari

Wazee wameuliza habari ya urithi. Mayala akasimama akasema, "Shemeji ana shamba lake na jina lake. Mimi nitalinda mahindi." Akakaa. Mzee Bundala akasema huo si utaratibu. Mayala akasema anajua.

Jumamosi 7 Februari

Tunachuma. Bani la kukaushia tumbaku limewashwa moto, macho yanawashwa na moshi.

Jumapili 15 Februari

Redio inazungumza. Ambrosi aliifunga betri mpya mbele ya watu wote na akahutubia. Watu walisogea karibu, kisha wakakumbuka, wakasogea nyuma ili nipate nafasi. Mzee Bundala aliisikiliza kwa shaka, akasema sauti inafanana na ya zamani.

Kijiji kimeniomba niwe mtunzaji. Nimekubali. Ambrosi ameandika ubaoni kwamba betri hii ikifa isiguswe na mtu, na hakuna aliyebisha.

Ijumaa 20 Februari

Mvua imepungua. Bani la pili.

Sina wa kumsomea haya tena. Hata hivyo nimeandika, kwa kuwa mkono umezoea.

Mchana huwa ninatoka banini, nanawa, nakaa barazani kwa ajili ya matangazo ya vifo. Mayala hukaa nami kama hana kazi. Wanasoma majina ya watu wa Lindi, wa Musoma, wa Kilosa, watu nisiowajua kabisa, na ndugu zao wanaotakiwa wafike popote walipo. Kila jina likisomwa nasema pole, kwa sauti, nikilitaja. Mayala aliniuliza jana nampa nani pole hiyo, wenyewe hawanisikii. Nikamwambia huenda nyumbani kwao leo hawana betri.